Niliahidi gemu 30, ninazo 11, na rafiki yangu anadai michoro yake

Shikamoo mshauri,

Nina miaka 23, nasoma sayansi ya kompyuta mwaka wa tatu hapa Mwanza. Nimekaa na wazo la kukuandikia mwezi mzima bila kuthubutu, maana kwenye safu yako nasoma watu wenye matatizo ya ndoa, mirathi na mimba. Mimi tatizo langu ni gemu. Ukitaka kucheka, cheka, ila jibu usininyime.

Nikiwa darasa la tatu, mtaani kwetu kulikuwa na kibanda cha gemu: TV ya chogo moja, benchi moja, na mashine yenye kaseti ya njano iliyoandikwa 9999 juu yake, kwamba eti ndani mna gemu 9999. Unalipa shilingi 50, unacheza mpaka ufe mara 3. Mimi na mtoto wa jirani, nitamwita K, tukawekeana ahadi ya kuzimaliza zote. Tukawa hata hatuchezi, tunashuka na orodha tu, leo tunaanzia tulipoishia jana. Hatukufika mbali. Baada ya gemu ishirini na kitu zikaanza kujirudia. Vifaru vilevile, bata walewale, jina ndilo limebadilishwa, au inakuanzishia hatua ya 3 badala ya 1. Nililia, mshauri. Mwenye kibanda alidhani nimepigwa. K akaniambia, "Tukikua tutatengeneza ya kweli."

Ndiyo mradi wangu wa kumalizia shahada. Mkusanyiko wa vigemu 30 vya kasi, mtindo wa zamani: picha za nukta kubwa kubwa, rangi chache, milio ya pii pii. Kila kigemu kinachukua sekunde 5. Ukipatia, kinaingia kingine na mwendo unapanda. Ukikosea mara 3, umekwisha. Na vyote ni vya kwetu: kukwepa mpira wa rede, kudaka kokoto ya mdako, kudandia daladala kabla konda hajagonga bodi, kurudisha chenji, kufukuza ndege wasile dagaa walioanikwa. Mimi naandika programu kwa Godot, zana ya bure ya kutengenezea gemu, K anachora. Yeye aliishia kidato cha nne, ana kibanda cha kuchora mabango Igoma, na nukta zake huchora kwenye simu usiku akishafunga kazi. Mradi chuoni ni wa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo jina lake halimo kwenye ripoti, ila tulikubaliana kwa mdomo kwamba gemu ikija kuuzwa tunagawana nusu kwa nusu.

Sasa zimebaki wiki 9 nitetee mradi mbele ya jopo. Ninavyo vigemu 11. Nikisema ukweli wangu, 4 ndivyo vizuri. Vingine vinakwama, au havina namna ya kushinda inayoeleweka. Nilichofanya ni kuongeza kasi. Vikipita haraka hakuna anayeona kwamba havijakamilika. Halafu kati ya kigemu na kigemu nimeweka kioo kiwake chekundu na cheupe, chekundu na cheupe, ili kichangamke. Mtoto mmoja mdogo wa jirani alisema macho yanamuuma, nikamwambia akae mbali kidogo.

Msimamizi wangu alikicheza dakika moja hivi wiki iliyopita. Akaachia kipanya, akauliza, "Hii tutaipimaje?" Kisha akasema wenzangu wanatengeneza mifumo ya maduka na zahanati, nifikirie, Ijumaa ya wiki ijayo nimpelekee jibu. Nilitoka mle ofisini nikijua ananiona mtoto.

K yeye anataka tubaki na 5 au 6, tuzipige msasa. Nikamwambia aliyeandika pendekezo la mradi ni mimi, namba iliyoandikwa mle ni 30, yeye achore tu. Kweli nilisema hivyo, "wewe chora tu." Hakujibu. Siku 2 baadaye akatuma ujumbe: "Basi toa michoro yangu." Sijaitoa. Nimefikiria kupakua picha za gemu za zamani mtandaoni nizibandike pale. Gemu zenyewe zina miaka 30 na zaidi, nani atajua?

La mwisho ni baba. Anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mwaka wa kwanza mkopo ulichelewa, akauza injini ya mtumbwi nisajiliwe. Mwezi uliopita nilienda nyumbani, akaamka saa 8 usiku akanikuta najaribu gemu kwenye laptopu. Akasema, "Niliuza injini ili ucheze?" Akarudi kulala. Tangu hapo ni salamu tu. Na yeye mwenyewe akisubiri boti za visiwani alfajiri hucheza nyoka kwenye kitochi chake!

Naomba unisaidie. Nibadili mradi nifanye mfumo wa duka kama wenzangu? Au nikaze mpaka zifike 30, hata peke yangu? Bumu lenyewe la mkopo limekwisha, na nikipata sapu kwenye mradi sijui nitamwambia nini mzee.

Mwana wa Kaseti ya Njano, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu.

Nilicheka mahali pamoja tu, pale mwenye kibanda alipodhani umepigwa. Kwingine sikucheka. Ndoa, mirathi na mimba ambazo watu huniandikia, ukizichambua, nyingi ni ahadi: nani alimwahidi nani, na nani sasa anaona haya kusema ahadi imemshinda. Barua yako imekaa humohumo. Usijitoe kwenye foleni.

Mambo ya gemu si fani yangu. Nilifundisha Kiswahili sekondari miaka mingi, na gemu niliyoijua ni hiyo ya nyoka ya baba yako, tuliyokuwa tukiicheza ofisi ya walimu badala ya kusahihisha madaftari. Lakini mwanangu wa pili anaishi humo kwenye gemu, na barua yako nilimsomea. Alinikalisha jioni nzima. Kwa hiyo utakaponiona najua jambo, ujue nimelipata kwake, kisha nikaenda kulihakiki.

Nikuelewe kwanza. Unaniuliza maswali mawili, nibadili au nikaze, lakini barua imebeba watu wanne: msimamizi aliyeuliza swali, rafiki aliyeambiwa achore tu, baba aliyeuza injini, na mtoto wa darasa la tatu anayelia mbele ya TV ya chogo. Nahisi huyu wa nne ndiye anayeshika usukani. Ndiye aliyeandika 30 kwenye pendekezo. Simlaumu, alidanganywa na kaseti. Ila naomba tumtazame vizuri kabla hajaamua mambo ya mtu mzima.

Mtoto yule aliumia kwa nini? Wewe unasimulia kama aliumia kwa sababu zilikuwa ishirini badala ya 9999. Mimi nilivyokusoma, aliumia kwa sababu aliahidiwa kitu kipya akakuta kilekile chenye jina jingine. Si jambo moja hilo. Ukitoa vigemu 30 ambavyo 20 kati yake vinapita mbio ili mtu asione kwamba havijakamilika, sijui kama umemfuta machozi au umemuuzia kaseti nyingine ya njano. Sikusemi vibaya. Sentensi ile umeiandika mwenyewe, na ndiyo iliyonifanya nichague barua yako.

Mwanangu aliniambia habari ya mkusanyiko mmoja uliotoka Marekani mwaka 1991, unaitwa Action 52. Kaseti moja, gemu 52, bei dola 199. Ukafahamika duniani kote, lakini kwa ubovu: gemu nyingine zinakwama, nyingine hazimaliziki. Sasa usikimbilie kusema, "Basi K ana haki, gemu nyingi ni balaa." Mwaka 2003 Nintendo, kampuni ya gemu ya Japani, walitoa WarioWare ya Game Boy Advance, mashine yao ya mkononi, na ile ina vigemu zaidi ya 200, vya sekunde chache chache kama vyako, na watu wakaipenda. Tena mwaka 2024 kumetoka mkusanyiko mwingine, UFO 50, gemu 50 za mtindo wa kale, ila huo uliwachukua watu kadhaa miaka mingi. Kwa hiyo idadi kubwa si dhambi. Ninachouliza ni wiki 9 na mikono ya mtu mmoja.

Alinionyesha hivyo vigemu vya sekunde chache kwenye simu yake. Nilishindwa karibu vyote, kisha nikaona kitu. Kila kimoja kinataka jambo moja tu. Neno moja linatokea kiooni, unafanya, kimeisha. Ukishindwa, unajua umeshindwa wapi. Mwendo ukipanda unakuta tayari umeshaelewa cha kufanya, vidole tu ndivyo vinavyochelewa, unajicheka na kurudia. Hiyo ni kasi inayomnogea mchezaji. Iko kasi nyingine, ya mtu anayetembea haraka kupita dukani anakodaiwa. Zote mbili ni mwendo. Vigemu vyako unavijua, wewe ndiye wa kusema kipi kina kasi ipi.

Ipo nyingine nimeipenda, nikuchomekee hapa. Ile gemu ya wavamizi wa angani, Space Invaders ya mwaka 1978, wavamizi wakipungua waliobaki huenda mbio zaidi. Mtengenezaji wake, Tomohiro Nishikado, hakuanza na mpango huo. Mashine ilikuwa dhaifu, ikiwa na wavamizi wengi wa kuchora inajikokota, wakipungua inapata nafasi ya kukimbia. Akaona mchezo umenoga, akaacha hivyohivyo. Udhaifu wa mashine yake ukawa utamu kwa sababu hakuuficha, kila mchezaji anauona na kuufanyia kazi.

Kuna jambo moja sitalizungusha kama mengine. Kile kioo kinachowaka chekundu na cheupe, kizime leo. Tarehe 16 Desemba 1997 nchini Japani, katuni ya Pokémon ilirushwa kwenye televisheni ikiwa na mwako wa nyekundu na buluu unaopokezana haraka sana, na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali, baadhi wakiwa na degedege. Mwako wa namna hiyo unaweza kuamsha kifafa hata kwa mtu ambaye hajawahi kuanguka, na mwekundu ndio mbaya zaidi. Miongozo inayotumika kwenye kurasa za wavuti inasema kisiwake zaidi ya mara 3 kwa sekunde. Mtoto alikwambia macho yanamuuma, naye ndiye mchezaji wako wa kwanza kukupa taarifa ya maana. Ukamsogeza mbali. Nenda kamwombe radhi, umpe na pipi.

Sasa msimamizi. Alisema, "Hii tutaipimaje?" Wewe umesikia, "Mtoto wewe." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi, nikijaribu kila sauti ambayo mwalimu anaweza kuitoa nayo, na nakiri iko sauti ya dharau inayoingia pale. Lakini iko na nyingine. Mwalimu anayekaa kwenye jopo anajua mwenzake atauliza hivyohivyo: mfumo wa duka tunaupima kwa kuingiza mauzo na kuona hesabu ikitoka sawa, hii gemu tunasemaje imefaulu? Huenda alikuwa anakuonya juu ya swali utakalokutana nalo. Huenda pia alikuwa anakudharau. Mimi sikuwepo, na wewe ulitoka mle bila kumuuliza.

Nataka ujiulize, je, unalo jibu la swali lake? Ngapi kati ya watu 10 wanaelewa kigemu cha rede mara ya kwanza bila kuelezwa? Wanachukua sekunde ngapi kabla ya kufanya tendo la kwanza? Mwendo ukipanda, wanaanza kushindwa kwenye raundi ya ngapi? Hivyo vyote vinahesabika kwa daftari na saa ya simu. Katika barua yako nzima waliogusa gemu hii ni wewe, msimamizi kwa dakika moja, na mtoto wa jirani uliyemsogeza mbali. K sina hakika. Mwanangu anasema watu wa kazi hii huwapa watu wacheze mapema kabisa, wenyewe wakikaa nyuma wamefunga mdomo. Kufunga mdomo, anasema, ndiyo kazi ngumu.

Nije kwenye njia ulizonazo, na gharama ya kila moja.

Ukibadili na kufanya mfumo wa duka, usifanye kwa kuinamisha kichwa. Hakuna aibu kwenye mfumo wa duka. Mama muuza vitenge anayejua faida yake kila jioni amesaidiwa kweli. Unaweza kuumaliza kwa wiki 9 ukiwa na bidii, na msimamizi anajua namna ya kuupima. Hatari yake ni kwamba unaanza sifuri, pendekezo jipya, pengine na vibali vipya, huku moyo ukiwa kwingine. Na mtu anayefanya kazi moyo ukiwa kwingine huchelewa kuliko anavyodhani. Gemu haitakufa, itakusubiri. K ndiye sijui kama atasubiri.

Ukikaza mpaka 30 peke yako, nafasi ipo, sitakudanganya kwamba haiwezekani. Vimebaki 19, na vile 7 ulivyosema havijakaa sawa navyo vinadai. Hiyo ni 26 kwa wiki 9, karibu 3 kila wiki, bila mchoraji, na ripoti hujaigusa au umeigusa kidogo. Ukiugua malaria siku 5, hesabu imevunjika. Wako vijana wanaoiweza kazi kama hiyo, na huenda wewe ni mmojawapo. Ila sijaona kwenye barua yako mahali ambapo wiki 9 hizo zina usiku wa kulala.

Njia ya tatu hukuitaja, japo K aliigusa: kurudi kwa msimamizi na kuomba kurekebisha pendekezo, idadi ipungue na kipimo kiongezeke. Badala ya "nitatengeneza vigemu 30", iwe kitu kama "nitachunguza ni kwa namna gani kigemu cha sekunde 5 kinaeleweka bila maelezo", halafu vigemu vichache vikawa ushahidi. Inavutia, na naona nimeanza kuielemea, kwa hiyo nijishike. Msimamizi anaweza kukataa. Anaweza kusema umechelewa. Jopo linaweza kuona vigemu 8 kuwa ni vichache, likupe alama za wastani. Na wewe mwenyewe utalazimika kumwambia yule mtoto wa darasa la tatu kwamba kaseti yake ya kweli haina hata gemu 10. Hilo la mwisho usilidharau, watu wazima wamevunja mambo makubwa kwa kushindwa kumwambia mtoto wa ndani yao neno kama hilo.

Ya nne ni kuahirisha mwaka. Naitaja tu ili isije kukujia usiku wa manane ikaonekana mpya. Bei yake utailipa wewe na baba yako, na injini ilishauzwa.

K ndiye aliyenikalisha muda mrefu zaidi kwenye barua hii. Tazama mlivyokaa. Wewe utatoka na shahada. Yeye jina lake halimo hata kwenye ukurasa wa shukrani, kama nimekuelewa vizuri. Anachora usiku baada ya kushinda juani akipaka mabango, kwa ahadi ya nusu ya kitu ambacho hakijauzwa. Halafu siku alipotoa wazo akaambiwa achore tu. Ungekuwa wewe? Unaweza kuwa na haki juu ya namba 30, sikatai, pendekezo ni lako. Lakini aliyesema "tukikua tutatengeneza ya kweli" ni yeye. Alisema "tutatengeneza".

Michoro aliyochora ni yake mpaka mkubaliane vingine, na makubaliano yenu yalikuwa ya mdomo na ya kugawana mauzo tu. Akisema itoe, una mambo mawili mkononi, la sheria na la urafiki. La sheria unaweza kuwauliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki. La urafiki hakuna ofisi. Na hata mkipatana, ripoti yako inapaswa kusema wazi nani alichora, maana chuo kikigundua kazi ya mtu mwingine imepita kama yako, hapo hatuzungumzii sapu tena. Muulize msimamizi namna sahihi ya kuliandika. Miradi mingi hutumia kazi za wengine, kinachotakiwa ni kutaja.

Hilo la kupakua picha za gemu za zamani, ukongwe hauondoi mwenyewe. Kampuni nyingi zilizotengeneza gemu zile bado zipo na bado zinaziuza. Na umeuliza nani atajua: kwenye jopo la walimu watano, mmoja hakosi kuwa na utoto kama wako. Zipo mtandaoni picha ambazo waliozichora wameziruhusu zitumike bure, kwa masharti yaliyoandikwa pembeni, hizo ni halali. Lakini sidhani kama utapata mle konda wa Mwanza anayegonga bodi.

Ukienda kwa K, na sikwambii lazima uende, nenda Igoma kwa miguu yako, usimtumie ujumbe. Usiende na mpango uliokamilika unaohitaji saini yake. Anaweza asikupokee. Anaweza kukupokea na bado akataka michoro yake, na hapo itabidi uitoe, urudi na vigemu vyenye miraba mitupu. Mwanangu ananiambia miraba mitupu nayo inatosha kujaribia kama kigemu kinaeleweka, kwa hiyo hutakuwa umeachwa uchi kabisa.

Kwa baba sitasema mengi. Saa 8 usiku aliona mwanga na mwanawe akicheza. Je, amewahi kuelezwa kwamba huo ndio mtihani wenyewe? Sijakuta kwenye barua. Ile nyoka anayoicheza alfajiri ina mtu aliyeitengeneza akiwa kazini, mhandisi wa Nokia aitwaye Taneli Armanto, ikaingia kwenye simu ya Nokia 6110 mwaka 1997. Sisemi ukamtolee hoja hiyo, utaonekana unamjibu. Nasema tu kwamba una kigemu cha dagaa na ndege, na nyumbani mna mtu anayejua dagaa kuliko chuo kizima. Kama kuna siku utataka kuvunja ukimya, muulize kuhusu ndege. Wanakuja saa ngapi, wanashuka upande gani wa chanja, wepi hawaogopi mtu. Majibu yake yatakufaa kwa kazi, hata kama hayatapoza hasira siku hiyohiyo.

Mpaka Ijumaa ya msimamizi zimebaki siku chache. Huhitaji kuwa na jibu la mwisho ukiingia mle. Unaweza kuingia na swali lake mwenyewe ukamrudishia kwa heshima: "Mwalimu, uliposema tutaipimaje, ulikuwa unafikiria nini?" Kama alikudharau utajua, na utaamua ukiwa unajua. Ukiweza, kabla ya siku hiyo wakae watu 10 mbele ya vile vigemu 4 vizuri, mwako umezimwa, wewe umefunga mdomo, daftari mkononi. Wapange wa umri tofauti. Mpe hata mtu wa makamo yangu, atakuonyesha makosa ambayo vijana wanayaruka.

Ninalo langu moja la mwalimu wa Kiswahili, halihusu uamuzi wako. Neno la amri kwenye kigemu cha ndege hukuniambia. Kama umeandika "Fukuza ndege wasile dagaa", sekunde 5 zitaishia kwenye kusoma. Lugha yetu kitenzi kimoja kinabeba mchezo mzima: Kwepa! Daka! Dandia! Na kwa ndege tuna neno lake kabisa. Kwetu Pangani, tukiwa watoto tunalinda mpunga, hatukusema kufukuza, tulisema kuinga. Herufi nne: Inga! Huenda watoto wa Mwanza hawalijui. Liweke kwenye kioo, uwape wale 10, kisha uniandikie wangapi walielewa.